Bomba la Dawa Likivuja, Litengeneze Kabla ya Kwenda Shambani



Msimu uliopita wa nyanya nilitembelea kikundi cha kisomo katika kijiji kimoja. Tulikubaliana kuanza saa 4 asubuhi. Wanakikundi walifika mmoja mmoja, wakaketi kwenye mikeka chini ya mwembe. Wa mwisho kufika alikuwa mzee mmoja, mkulima wa nyanya. Alitoka moja kwa moja shambani kupiga dawa. Shati lake lilikuwa limelowa ubavuni, kuanzia kwapani mpaka kiunoni.

Wenzake wakaanza kumtania. "Mzee wetu leo kafanya kazi kweli kweli. Tazameni jasho!"

Mzee akacheka. "Ndiyo, jua lilikuwa kali."

Lakini mkewe, ambaye naye ni mwanakikundi, hakucheka. Akasema, "Mwalimu, hebu muulize vizuri. Jasho gani hilo linalolowesha upande mmoja tu? Tena jasho gani linalonuka dawa?"

Watu wote wakanyamaza. Mzee akajikuna ubavu, kisha akasema ukweli. "Ni lile bomba, mwalimu. Linavuja. Lakini linavuja kidogo tu. Nimelifunga kwa mpira wa baiskeli."

Nikamwambia, "Mzee wangu, samahani sana. Kisomo kitasubiri. Nenda kwanza ukavue shati hilo, uoge mwili mzima kwa maji mengi na sabuni. Shati lifuliwe peke yake, lisichanganywe na nguo za watoto."

Akaenda. Aliporudi, tuliacha somo tulilopanga. Siku ile tulijifunza habari za bomba la dawa. Leo nakueleza na wewe, kwa sababu mabomba yanayovuja ni mengi vijijini kwetu, na kuyatengeneza si kazi ya fundi mkubwa. Mara nyingi kinachotakiwa ni pete moja ndogo ya mpira.

MATONE MACHACHE NI KIASI GANI?

Mzee alisema bomba lake linavuja kidogo. Tukataka kujua kidogo hicho ni kiasi gani. Bomba lilioshwa vizuri, likatiwa maji safi, likajazwa hewa. Tukaliinamisha kama linavyoinama likiwa begani. Mama mmoja akashika saa, sisi wengine tukahesabu matone. Katika dakika 1 yalianguka matone 60.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Dakika 1 ni matone 60.
Saa 1 ina dakika 60. Kwa hiyo saa 1 ni 60 × 60 = matone 3,600.
Mzee alifanya kazi kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi, yaani saa 3. Basi 3,600 × 3 = matone 10,800.
Matone 20 ya maji ni karibu mililita 1. Basi 10,800 ÷ 20 = mililita 540.

Mililita 540 ni zaidi ya nusu lita. Ni kama chupa moja na nusu ya soda ya mililita 350. Bomba likivuja hivyo asubuhi nzima, dawa inayomwagika katika nguo na ubavu wa mtu inaweza kufika kiasi hicho. Haba na haba hujaza kibaba.

Watu wengi hufikiri dawa hudhuru ikinywewa tu. Sivyo. Ngozi hunyonya dawa. Nguo iliyolowa dawa na kuganda mwilini ni mbaya zaidi, kwa sababu dawa inakaa pale kwa muda mrefu. Mtu akitoka jasho, au akiwa na mchubuko, dawa huingia kwa urahisi zaidi.

Tena kuna hasara ya pili. Hewa ikivuja, dawa haitoki kama ukungu mwembamba. Hutoka matone makubwa yanayodondoka chini. Mmea mmoja unapata nyingi, mwingine haupati kabisa. Wadudu hawafi, fedha inapotea, na mkulima analazimika kurudia.

HEWA INAFANYA KAZI GANI NDANI YA BOMBA?

Bomba la mzee ni lile dogo la lita 8 linalobebwa begani. Hujazwa hewa kwanza, halafu ndipo mtu huanza kunyunyizia. Ili uweze kulitengeneza, ni lazima ujue linavyofanya kazi.

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma. Mkono wa pampu utashuka kidogo, halafu utagoma. Ukiuachia, utarudi juu. Kwa nini? Kwa sababu hewa iliyobanwa inatafuta njia ya kutoka.

Sasa chukua chupa ya plastiki. Ijaze maji mpaka pomoni, uifunge, kisha uibane. Ni ngumu kama jiwe. Mwaga nusu ya maji, uifunge tena. Sasa inabonyea. Maji hayabanwi, lakini hewa inabanwa.

Bomba la dawa linatumia jambo hilohilo. Chini ya tangi kuna dawa iliyochanganywa na maji. Juu yake kuna nafasi ya hewa. Unapopampu, unaongeza hewa katika nafasi ile ndogo. Hewa hubanwa, nayo huisukuma dawa. Ukifungua kifyatuo, yaani kile kidude unachobana kwa mkono, dawa hupita kwenye mpira, ikaingia katika fimbo ya kunyunyizia, ikatokea kwenye nozeli kama ukungu.

Ndiyo maana hutakiwi kujaza bomba hili mpaka juu. Ukilijaza mpaka pomoni, hewa itakaa wapi? Jaza hadi alama iliyo ubavuni mwa tangi. Kama alama imefutika, jaza theluthi mbili tu.

Msukumo wa hewa hupimwa kwa bari. Mabomba mengi ya aina hii hayatakiwi kuzidi bari 3. Tairi la gari dogo hujazwa hewa ya bari 2 na kidogo. Kwa hiyo usidharau bomba kwa sababu ni la plastiki. Ndani yake mna nguvu kama ya tairi la gari. Kamwe usilijaze hewa kwa mashine ya gereji. Linaweza kupasuka.

Hewa hiyo isitoke ovyo inazuiwa na nini? Inazuiwa na mipira midogo inayokaa kwenye maungio. Iko ya namna tatu. Ya kwanza ni pete ya mpira ya mviringo, ambayo mafundi huiita oringi. Ya pili ni washa, nayo ni bapa kama sarafu yenye tundu. Ya tatu ni kikombe kidogo cha mpira au cha ngozi kinachokaa mwisho wa fimbo ya pampu. Mipira hiyo ikichoka, hewa inatoroka.

KABLA HUJAFUNGUA BOMBA

Usianze kufungua kwa haraka. Fuata mambo haya manne.

1. Toa hewa yote. Elekeza nozeli shambani, mbali na watu, ubane kifyatuo mpaka pasitoke kitu. Kama bomba lina kidude cha kupunguzia hewa, kivute. Halafu legeza mfuniko polepole. Ukisikia hewa ikilia "fsss", simama, ngoja iishe. Mfuniko unaofunguliwa ukiwa na hewa ndani unaweza kuruka na kukupiga, na dawa ikakurukia machoni.

2. Vaa glavu za mpira. Glavu za kitambaa hazifai, kwa sababu zinanyonya dawa.

3. Osha bomba mara tatu kwa maji safi. Kila mara tikisa, kisha nyunyizia maji hayo mpaka yapite kwenye mpira na nozeli. Maji ya kuoshea yamwage palepale kwenye shamba ulilopiga dawa. Usiyamwage mtoni, kisimani, wala njia ya mifugo.

4. Fanyia kazi nje, penye upepo. Watoto, kuku na vyombo vya jikoni vikae mbali.

TAFUTA MAHALI PANAPOVUJA

Mtu anayeziba baiskeli hutumbukiza mpira kwenye karai la maji, akaangalia mapovu yanatokea wapi. Bomba la dawa haliingii kwenye karai. Kwa hiyo tunapeleka povu kwenye bomba.

Tia maji safi theluthi moja ya tangi. Funga. Pampu mara 15 hivi. Yeyusha sabuni kidogo kwenye kikombe cha maji, ukoroge mpaka itoe povu. Kwa kitambaa au manyoya ya kuku, paka povu hilo katika kila ungio: shingoni pampu inapoingia kwenye tangi, mpira unapoungana na tangi, kwenye kifyatuo, na mahali fimbo inapofungwa. Kisha tazama.

Sisi tulipopaka shingoni, povu lilianza kuumuka. Mapovu yakaota makubwa kama ya watoto wanaochezea sabuni. Mzee akasema, "Kumbe! Nami nimefunga kamba kwenye mpira wa kutolea dawa siku zote hizi." Alikuwa amefunga mahali pazima, na palipoharibika amepaacha.

Zipo na dalili nyingine. Zisome kwa makini.

Ukipampu, mkono unashuka bila uzito wowote, na tangi halijai hewa. Hapo kikombe kilicho mwisho wa fimbo ya pampu kimechoka, kimekauka au kimepasuka.

Ukiacha kupampu, mkono unapanda juu wenyewe. Hapo kampira kadogo kaliko chini ya pampu hakafungi. Kazi yake ni kuruhusu hewa iingie kwenye tangi na kuizuia isirudi. Mara nyingine ni punje ya mchanga tu imekaa hapo.

Hujabana kifyatuo, lakini nozeli inadondosha. Hapo kapete ka ndani ya kifyatuo kamekwisha, au kuna uchafu.

Hewa inabaki, lakini dawa haitoki vizuri. Hapo si kuvuja. Nozeli au chujio limeziba. Lisafishe kwa maji na mswaki laini wa zamani ambao hautatumika tena mdomoni. Usitumie msumari wala waya, maana utapanua tundu. Na hata siku moja usipulize nozeli kwa mdomo. Hapo unajilisha sumu mwenyewe.

KUTENGENEZA

Tandika gunia safi au boksi chini. Fungua pampu kwenye shingo ya tangi kwa mkono. Kila kitu unachotoa kipange kwa mstari, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia. Wakati wa kurudisha utaanzia kulia. Ukifanya hivi hutabakiwa na vipande visivyojulikana vinakaa wapi.

Toa pete ya shingoni kwa kidole au kijiti laini. Usitumie kisu wala bisibisi yenye ncha, maana utakwaruza mfereji ambamo pete inakaa. Mkwaruzo mdogo tu unatosha kupitisha hewa.

Iangalie pete ile kwenye mwanga. Pete nzima ni ya mviringo kila upande, tena ni laini. Pete iliyochoka ni bapa upande mmoja, au ngumu, au ina nyufa ukiikunja. Pete iliyovimba na kulegea kama ndala ya zamani imeliwa na dawa. Pete ya mzee wetu ilikuwa na ufa unaoonekana wazi.

Kama pete haina kasoro, huenda tatizo ni uchafu. Futa mfereji wake kwa kitambaa safi chenye maji ya sabuni. Mchanga, mabaki ya dawa ya unga na nywele ni vitu vinavyozuia pete isikae sawasawa.

Kama pete imekwisha, nunua nyingine. Ioshe ile ya zamani kwa sabuni, uiweke kwenye bahasha, uende nayo dukani. Usiende kwa kukisia. Linganisha mambo mawili: upana wa tundu, na unene wa mpira wenyewe. Unene ukipungua hata milimita 1, haitaziba. Mwambie muuzaji, "Nataka pete ya bomba la dawa." Pete za kawaida za bomba la maji zinaweza kufanana kwa macho, lakini baadhi yake huvimba zikikutana na dawa. Nunua mbili, moja ya akiba. Pete ile aliyonunua mzee haikufika bei ya soda.

Paka pete mpya mafuta kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu. Grisi ya silikoni ndiyo inayofaa kwa mipira ya aina nyingi. Usipake mafuta ya taa wala petroli. Ivishe pete taratibu, uhakikishe imelala vizuri kwenye mfereji bila kujisokota. Rudisha pampu, kaza kwa mkono mpaka ikae imara. Basi.

Kama kilichochoka ni kikombe cha pampu, angalia kinaelekea wapi kabla hujakitoa. Mdomo wa kikombe hutazama kule hewa inakobanwa. Hewa ikiingia ndani ya kikombe, inatanua kingo zake, nazo zinabana ukuta wa pampu. Ukikigeuza, hewa itapita pembeni na pampu haitafanya kazi. Kikombe cha ngozi kilichokauka mara nyingi hakihitaji kutupwa. Kilaze katika mafuta usiku mmoja, kitalainika.

MWALIMU NAYE ALIKOSEA

Napenda nikuambie ukweli, ndugu msomaji. Mara ya kwanza mimi ndiye niliyevisha pete mpya. Niliivisha kavu, kwa haraka. Halafu nikakaza shingo ya bomba kwa koleo, nikidhani kukaza sana ndiyo kuziba sana. Tukajaza hewa. Povu likaumuka tena!

Katika kikundi alikuwamo fundi baiskeli, kijana mpole asiyesema sana. Akaniambia, "Mwalimu, naomba niseme. Sisi ngozi ya pampu hatuiweki kavu. Na huo mpira umejisokota. Ukikaza zaidi utaukata."

Akafungua, akaitoa pete, akainyoosha, akaipaka grisi kidogo, akairudisha kwa vidole tu. Tukapaka povu. Povu likatulia kimya. Watu wakapiga makofi. Siku hiyo mwanafunzi alikuwa mwalimu, na mwalimu alikuwa mwanafunzi. Ndivyo elimu ya watu wazima ilivyo. Katika kikundi chako pia yupo fundi. Muulizeni.

BOMBA LA MGONGONI

Wakulima wengine hutumia bomba kubwa la mgongoni, la lita 15, 16 au 20. Hili hupampiwa huku mtu anatembea. Tangi lake kubwa halibani hewa. Hewa hubanwa katika chumba kidogo cha pembeni au cha ndani ya tangi. Chumba hicho ndicho kinachofanya dawa itoke kwa nguvu ileile, hata pale mkono wa pampu unapopanda.

Dawa ikitoka kwa kishindo kila unapopampu, kisha ikalegea, hewa ya chumba kile imepotea. Kagua pete ya chumba hicho na kikombe cha pampu. Mgongo wako ukilowa upande wa chini, kagua mahali pampu inapofungwa chini ya tangi, na mahali mpira unapotokea. Ukilowa upande wa juu kila unapoinama, kagua mpira wa mfuniko. Hatua za kutengeneza ni zilezile: toa hewa, osha, tafuta, linganisha pete, paka mafuta, kaza kwa mkono.

VIRAKA VINAVYODANGANYA

Watu wengi hufunga kamba, huzungushia nailoni, hupaka gundi, au hukata kipande cha mpira wa baiskeli wakakifanya washa. Kwa maji matupu kiraka hicho kinaweza kudumu. Kwa dawa hapana. Dawa nyingi za maji huwa na vitu vya asili ya petroli vinavyoyeyushia sumu. Vitu hivyo hulainisha mpira wa baiskeli na kuuvimbisha. Asubuhi unaondoka nyumbani bomba ni kavu, katikati ya shamba linaanza kuvuja, nawe uko peke yako na maji yako mbali.

Kama huna pete, ahirisha kupiga dawa au azima bomba zima kwa jirani. Nyanya zinaweza kusubiri siku mbili. Na kama tangi lenyewe lina ufa, usilizibe. Limekwisha kazi. Usilifanye chombo cha maji wala cha kunyweshea mifugo.

JARIBU KWA MAJI

Ukimaliza kutengeneza, usitie dawa mara moja. Tia maji safi, jaza hewa, paka povu tena. Halafu liweke bomba juu ya boksi kavu. Subiri dakika 10. Inua bomba, tazama boksi. Kama ni kavu, linamishe ubavu, subiri tena. Kama bado ni kavu, bomba limepona. Boksi likionyesha duara la maji, hata dogo kama sarafu, rudi ukatafute.

Fanya jaribio hili nyumbani kila mwanzo wa msimu, na kila unapotengeneza. Ukiona tone la maji, umejifunza jambo. Ukiona tone la dawa, umechelewa.

MPIRA UDUMU

Pete hufa mapema kwa sababu ya mazoea mabaya. Dawa iliyolala ndani ya bomba usiku kucha huila pete. Jua hulikausha. Maji machafu ya bwawa huingiza mchanga unaokwangua kikombe cha pampu. Koleo hulikata.

Basi kila ukimaliza kazi, osha bomba mara tatu. Chuja maji kwa kitambaa kabla ya kujaza. Toa hewa, uning'inize bomba kichwa chini, mdomo wazi, likauke kivulini. Litunze mahali penye kufuli, mbali na chakula na watoto. Mwisho wa msimu paka mafuta kikombe na pete. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

DAWA IKIKUMWAGIKIA

Hata bomba zima linaweza kupata ajali. Dawa ikikulowesha, acha kazi papo hapo. Usiseme "nimalizie tuta hili." Vua nguo zilizolowa, oga kwa sabuni na maji mengi. Ikiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi.

Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mate au jasho jingi, macho kuona ukungu, au misuli kuchezacheza, nenda haraka kituo cha afya. Chukua karatasi ya maelezo au chupa ya dawa, uiweke kwenye mfuko, mganga aione. Kuna desturi ya kunywa maziwa ili "kuvunja sumu". Maziwa hayatibu sumu hii. Yatakupotezea muda.

Wewe uliyejifunza kusoma, soma rangi ya utepe ulio chini ya karatasi ya chupa. Mwekundu ni sumu kali sana. Wa njano huonya kwamba dawa ina madhara. Wa bluu unaonya tahadhari. Wa kijani una hatari ndogo zaidi, lakini bado ni dawa. Kwa rangi yoyote, bomba linalovuja halifai.

Mwezi uliofuata nilirudi kijijini kwa mzee. Nilimkuta anatoka shambani na bomba lake begani. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mwalimu," kisha akageuka ili nione ubavu wake. Shati lilikuwa kavu. Mkewe akacheka kutoka jikoni: "Leo hana hata jasho!"

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini bomba la kujaza hewa halijazwi dawa mpaka juu?
2. Bomba linadondosha matone 40 kwa dakika. Mkulima anafanya kazi saa 2. Je, ni matone mangapi? Ni mililita ngapi?
3. Mkono wa pampu ukipanda wenyewe, utakagua wapi?
4. Leteni bomba moja la mwanakikundi, lililooshwa mara tatu. Lijaribuni kwa maji na povu la sabuni. Mmeona nini?